Shemeji Hakuwa Mlevi

Bweni la Mafundi,
Santamara

Dada Vero,

Shikamoo. Siulizi kama hapo Boko hamjambo, maana najua. Nauliza tu, unakula? Na Mama, presha imetulia? Mie mzima wa mwili, ila kwa hasira nilizonazo hata kalamu haishikiki.

Barua hii anakuletea mpishi wetu, anarudi nyumbani. Huku simu zetu wanazisikiliza, ndiyo maana siku ile nilipokupigia nililia tu bila kukwambia kitu.

Wakubwa wa hapa kazini wamekupigia wakasema mumeo kaanguka paani akafa kwa ulevi. Waongo wakubwa! Shemeji tangu tufike hakuonja hata bia. Angeipata wapi? Nchi nzima wanatawala maaskofu, ukikutwa na chupa unafungwa. Mkubwa wao wanamwita Baba Mtawala: yeye ndiye askofu, yeye ndiye rais, yeye ndiye hakimu.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha na paa la Kanisa Kuu linateleza. Shemeji akamwambia Bruda anayetusimamia, "Bruda, tupe mikanda ya kujifunga tusianguke. Ipo stoo, nimeiona, hata nailoni haijatolewa."

Bruda akacheka. "Ile ni ya siku wakaguzi wakija. Wewe Mkatoliki gani unaogopa kufa kwenye nyumba ya Mungu?"

Shemeji akanigeukia. "Deo, wewe baki chini. Nikitaka misumari nitakuita."

Akapanda. Hakuniita, Dada. Nilisikia ubao unateleza tu.

Jumapili Baba Mtawala akasimama kwenye mimbari ya kanisa la zamani, akahubiri kwamba Mungu kamwondoa mlevi juu ya nyumba yake, kwa hiyo hatasomewa misa wala hatazikwa na Wakristo. Na watu wakaitikia amina! Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama katikati ya kanisa nikapiga kelele, "Mikanda iko stoo! Aliiomba mkamnyima!"

Askari waliniburuta hadi nje, wakanipigia palepale chini ya sanamu ya Bikira Maria. Meno ya mbele sina tena.

Lakini mafundi walikuwa wamesikia. Kesho yake hakupanda mtu. Waganda, Wakongo, Wafilipino, wote wamekaa chini uwanjani. Bruda akatukana, akabembeleza, wapi! Sherehe ya kulizindua Kanisa Kuu imekaribia na paa liko wazi. Ndipo Baba Mtawala akaniita.

"Unataka nini?"

"Mwili wa shemeji yangu. Na useme ukweli."

"Mwili chukua," akasema bila hata kunitazama. "Hilo lingine sahau."

Sisahau ng'o. Namleta Shemeji mara tu vibali vikitoka. Nasikia watamwandikia paroko wetu asimsomee misa. Muwahi wewe, Dada. Nenda na wanajumuiya wote, mmsomee barua hii. Akikataa, nitasimama tena hapo kanisani kwetu, na mapengo yangu haya.

Msalimie sana Mama. Baba mdogo, yule seremala wa Tandale, mwambie achonge msalaba mzuri wenye jina kamili. Shangazi wa Madale naye mpe pole, najua ndiye analala hapo na wewe.

Na mwanao usimfiche kitu. Mwambie baba yake aliniona naogopa, akaniacha chini, akapanda yeye.

Ni mie mdogo wako, ninayemrudisha mumeo,
Deo