Viatu vya mama wa Wamaza

Carine, kitu cha kwanza niliona ni viatu. Mama mumoja alivivua mulangoni, vimejaa matope ya barabara ya Wamaza, asichafue duka yetu ya vyombo vya muziki.

Alitaka bafle, spika kubwa, ya kwaya yao. Akatoa kadi yake ndogo ya nyimbo, akaniambia: «Mwanangu, weka wimbo wetu kwanza, nisikie.» Kila mutu anayenunua anajaribu vile!

Patron Pitchou, mwenye duka, hakusimama hata. Hakusimama, Carine! «Mama, hapa si kanisa. Ununue ao utoke.»

Mama akavaa viatu vyake, akatoka.

Na ni Pitchou huyo analia kila siku eti watu wanaagiza bafle Goma kwa simu! Duka ikifunga, mimi narudia jembe.

Waya ya ampli, ile mashine ya kuongeza sauti, ilikuwa tayari mukononi mwangu nimuwekee wimbo. Nikaikunja, nikasema moyoni:

Pitchou, si simu. Ni wewe unaua duka.