Baba Hasemi Moto Ukizidi

Mama yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Najua Rukia ndiye anayekusomea, kwa hiyo dada yangu naye nampa salamu zake hapa, na namwomba asome polepole bila kuruka mahali. Goti lako linaendeleaje? Mvua imefika shambani Rapsu, au mahindi bado yanangojea maji ya mfereji? Sisi tuko, kwa uwezo wa Mungu. Ningepiga simu, lakini kwetu simu huwekwa sauti kubwa na nusu ya mtaa wa Kiwanjani hukaa kusikiliza. Haya si ya majirani. Barua inabebwa na mama mmoja wa Garissa aliyekuwa hapa India na mwanawe mgonjwa. Wamemaliza, wanarudi kesho.

Nianze na ndugu yako, Mjomba Galgalo. Aliniuliza kwenye simu: kama huko wanatibu uvimbe kwa moto, kwa nini Baba asingechomwa chuma hapa nyumbani, tuache kuhangaika? Mwambie kwamba Baba alishachomwa, tena na yeye Mjomba mwenyewe. Daktari aliziona zile alama tatu chini ya sikio siku ya kwanza, akauliza ni za nini, nikaona haya kujibu. Chuma kinaunguza ngozi tu, uvimbe unabaki ndani umestarehe. Moto wa huku ni mwingine. Baba analazwa saa nzima, anawekewa mfuko wa maji shingoni, na mashine iliyo juu yake inapasha ule uvimbe mpaka uwe na joto la mtu mwenye homa kali. Joto lenyewe haliumalizi. Linaulegeza, kama ngozi ya mbuzi unavyoiloweka kabla ya kuikwangua manyoya. Dripu anayopewa kila Jumatano ina kazi hiyo hiyo. Akitoka hapo anapelekwa kwenye mionzi, nayo inaukuta uvimbe hauna nguvu.

Unakumbuka Nairobi walimpa mionzi mingi, na bado uvimbe ukarudi. Daktari anasema shingo ile haiwezi kubeba kipimo kikubwa mara ya pili. Watampa kidogo, na joto na dawa vitasaidia. Bila joto, alisema, hicho kidogo hakitafika popote. Hilo ndilo linaloninyima raha, na sasa utaona kwa nini.

Mashine ina nyuzi za kupima joto, lakini haziwezi kufika kila mahali. Kipimo kingine ni mgonjwa mwenyewe. Akisema hapa panaunguza, wanapunguza. Msichana anayeendesha mashine anaitwa Meena, mwepesi, mcheshi, hatulii mahali pamoja. Jamaa tulikuwa tunangoja nje, kwa hiyo nilimfundisha kumuuliza Baba "nagaa?" kwa Kiborana chetu, nikamwambia maana yake ni "u salama?", Baba asije akajiona mgeni mle ndani peke yake. Nilijiona nimefanya la maana sana.

Basi Meena akawa anapita, anauliza "nagaa?", na mumeo anajibu "nagaa". Meena anaona mzee yuko salama, anaongeza moto. Anarudi, anauliza tena, anajibiwa hivyo hivyo, anaongeza. Siku ya tatu ya joto, walipomtoa, shingo ilikuwa na lengelenge kubwa kama yai la kanga.

Daktari aliniita pembeni. Alisema ngozi iliyokwisha kupigwa mionzi ikifunguka kidonda, huenda isifunge tena. Akiungua mara nyingine, anasimamisha joto, na hana kitu kingine cha kumpa. Mimi ndiye niliyempa yule msichana neno la kumchomea baba yangu.

Nilimwendea Baba kwa hasira, Mungu anisamehe. "Kwa nini hukusema?"

"Kusema nini?"

"Kwamba moto ulizidi!"

"Nilisalimiwa, nikajibu," akasema. "Wewe Talaso, umekulia mjini hata salamu umesahau? Mtu akikuuliza nagaa, unajibu nagaa, hata kama umetoka kuzika. Habari mbaya inakuja baadaye, mkishakaa. Huyo msichana wenu hakai. Sasa ningempa habari saa ngapi, akiwa mlangoni?"

Mama, nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Ni kweli. Sijawahi kumwona Baba akianza na shida, hata ule mwaka wa ukame alipoingia nyumbani na kamba mkononi bila ng'ombe hata mmoja. Alisalimia kwanza, akanywa chai yote, ndipo akatuambia.

Nilimweleza Meena. Hakubisha. Walingoja lengelenge likauke, na juzi Jumatatu wakamrudisha. Daktari aliniruhusu kuingia, akanionya nisimjibie. Mzee ni lazima aseme mwenyewe, maana mimi siwezi kujua kinachoungua ndani ya shingo ya mtu.

Meena alivuta kiti akakaa. Nagaa? Nagaa. Watoto nagaa? Nagaa. Ngamia je? Nao nagaa. Kisha akanyamaza, kama nilivyomwambia, mikono mapajani. Mashine ikawa inanguruma. Dakika kumi zikapita. Baba anatazama dari. Zikafika ishirini, nikaona vidole vyake vya miguu vimejikunja, na jasho linashuka kwenye kope. Nilijiuma ulimi. Nilikuwa najiambia, akinyamaza sasa tumekwisha, nitamrudisha Isiolo na shingo yenye kidonda na uvimbe wake pale pale. Meena hakuinuka. Akamuuliza polepole ana habari gani, kwa Kiborana kibovu nilichomfundisha.

Na Baba akasema.

Moto ukapunguzwa, saa ikaisha, akapelekwa kwenye mionzi. Ngozi imebaki nzima. Kumebaki mara nne, na kama uvimbe umesikia dawa hatutajua mpaka baada ya hapo. Msiache dua.

Nisalimie Mjomba Galgalo, na umwambie chuma akipumzishe. Nisalimie shangazi anayekukamulia mbuzi goti likikuuma, watoto wa Rukia, na yule mzee jirani anayemshikia Baba ngamia wake siku za soko.

Kuna kitu nimekipita juu makusudi, Mama, na hapa Rukia akusomee mkiwa wawili tu. Pale kitandani Baba alisema mambo mawili. Kwanza alisema, "Mwambie moto umezidi hapa, chini ya sikio." Nikadhani amemaliza. Akafumba macho, akasema, "Na naogopa kufia huku kabla sijamwona mama yako."

Meena akaniuliza amesema nini. Nilimtafsiria la kwanza, akapunguza moto. La pili sikumpa. Hilo ni lako.

Mwanao akupendaye,
Talaso