Tangi Bado Linanuka

Baba watoto,

Kabla hujavua viatu, mpigie mdogo wako. Mwambie asiingie kwenye tangi mpaka nifike. Simu yangu hapokei, na yako umeiacha kwenye chaji ulipowapeleka watoto shule.

Maharage yako jikoni, moto nimeupunguza. Yaongeze maji.

Ni lile tangi la petroli tuliloletewa karakana tuzibe ufa. Msimamizi anasema limeoshwa. Jana nilichungulia ndani, harufu ikanipanda mpaka machoni. Nikamwambia, "Hili nikiliwashia moto wa kuchomelea, mtatuokota kwa koleo." Akacheka. Leo mlipotoka tu akanipigia: kama mimi naogopa nibaki nyumbani, shemeji amekubali kulichomelea. Unamjua mdogo wako, hawezi kuitwa mwoga akanyamaza.

~~Nikishindwa kumzuia nitaingia mimi, yeye bado~~

Hapana. Haingii mtu. Nitakaa juu ya mfuniko mpaka walijaze maji kwanza, ndipo tuchomelee kwa nje. Wakitaka kunifukuza, wanifukuze.

Nguo ziko kambani, zianue mvua ikianza. Na usinifuate, watoto wasije wakakuta mlango umefungwa.

Asubuhi uliponiuliza mbona nimenuna, nilikwambia uniache. Sikuwa nimenuna. Mikono ilikuwa inatetemeka na sikutaka watoto waone. Hata sasa inatetemeka, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Mama watoto