Bati Lenye X

Jumanne

Kumbe bati moja linaweza kuhamisha ploti nzima! Leo nilikuwa namjengea Mama Akinyi chumba hapa Kianda, kwa mabati niliyookota Kawangware nyumba zilipobomolewa. Mabati mazima, hayana kutu, yangetupwa bure. Kugeuka hivi, wapangaji wa vyumba vingine vya ploti wanatoa magodoro nje, mmoja ananiuliza:

"Fundi, hawa watu wa kubomoa wametuwekea X saa ngapi?"

X nyekundu, ile alama ya nyumba za kubomolewa! Nimeipigilia ikiangalia barabara. Nikaeleza mpaka koo likakauka, hakuna aliyesikia. Ilibidi ning'oe bati, niligeuze, ndio magodoro yakarudi ndani.

Mama Akinyi ananiuliza sikuiona aje. Bati hilo lilikuwa ukuta wa chumba changu mwenyewe Kawangware, kabla hakijabomolewa. Hiyo X niliiangalia kila asubuhi mpaka nikaacha kuiona.