Kioo cha Inchi Kumi na Mbili

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Lastovo. Tarehe 19 Aprili 2023, saa tatu asubuhi.
Jina: Lukša Desin. Umri: miaka 73. Kazi: mwalimu mstaafu wa unahodha. Makazi: Ubli.

Nimekuja kwa hiari yangu. Vicko Matulić, nahodha wa mashua ya uvuvi Mala Luce, ambaye mmemweka ndani, alikuwa mwanafunzi wangu, na ni mtoto wangu wa ubatizo. Amewaambia kwamba kioo cha rada alikichagua yeye. Si kweli.

Mnamo tarehe 2 Machi, saa tano asubuhi, tulikwenda naye mjini Split, kwenye duka la vyombo vya baharini. Vicko alitaka kioo cha inchi tisa. Mimi nilitaka cha inchi kumi na mbili, kwa kuwa bei ilikuwa moja na picha yake ilikuwa kubwa. Muuzaji, mama aitwaye Anđa, alituonya.

"Mwalimu, hicho kikubwa kina nukta chache za picha kuliko hiki kidogo. Zimetandazwa tu, kama siagi ya bahili kwenye mkate. Vitu viwili vikikaribiana, utaona kimoja."

Nilimjibu kwamba picha iliyokuwa ikionyeshwa pale ilikuwa safi. Akacheka. "Hiyo ni ya kuuzia! Hata mimi kwenye picha ya harusi sina chunjua."

Vicko alininong'oneza, "Mwalimu, mimi naona tuchukue hiki kidogo."

Nilimwambia mbele ya watu, "Tangu lini wewe ukanifundisha mimi?"

Kwetu mtu hambishii baba yake wa ubatizo hadharani. Tulinunua kikubwa.

Mnamo tarehe 15 Aprili, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Ubli, mimi na Vicko peke yetu, kwenda kuinua nyavu. Ukungu ulikuwa mzito. Hata omo, ncha ya mbele ya mashua yetu, hatukuiona. Saa kumi na mbili na dakika arobaini tulikuwa tukiukaribia mwamba uitwao Kobila. Kwenye kioo mwamba huo ulikuwa doa moja. Vicko alipunguza mwendo, akasema, "Mwalimu, mbona mwamba leo una nundu?"

Nilisema, "Mwamba ni mwamba. Pita mashariki yake, twende zetu."

Akapita mashariki.

Ile nundu ilikuwa boti ya mbao ya Pavle Grgas, mwenye umri wa miaka 58, aliyekuwa akitega mitego ya pweza mita sitini kutoka mwambani. Nilimsikia kabla ya kumwona. Alisema, "Jamani, mimi nipo hapa." Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeitikia hodi. Kisha tukamgonga. Vicko alijitupa majini na nguo zake, akamshika. Tulimpandisha saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili. Alikuwa amekwisha kufa.

Jana saa nne asubuhi mkuu wa bandari alifanya jaribio mbele yangu: rada ile ile, mwamba ule ule, boti mahali pale pale. Kwenye kioo nilichokichagua, doa moja. Kwenye kioo cha inchi tisa alichokiazima, madoa mawili, na maji kati yake.

Tarehe 16, saa moja asubuhi, kabla hamjamkamata, Vicko alinipigia simu. "Mwalimu, wewe kaa kimya. Mimi kifungo nitakiweza, wewe hutakiweza." Nikakata simu. Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Kanisani niliketi nyuma ya Marica, mjane wa Pavle. Ulipofika wakati wa kutakiana amani, aligeuka, akanipa mkono. Niliupokea.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimeyasoma mwenyewe, nami sina la kupunguza.

Sahihi: L. Desin

Maandishi ya ofisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Inspekta Tea Lučin, saa nne na dakika kumi. Baada ya kutia sahihi, shahidi aliuliza kama Vicko Matulić ataonyeshwa karatasi hii. Nilimjibu kwamba ataonyeshwa leo. Aliomba Vicko aonyeshwe baada ya kula.