Baba Alivyofukuzwa Sebuleni Loresho

Kangemi, Nairobi
Jumatano

Dada yangu Jerida,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye bado anapumua kwa neema tu. Je, mama anakula? Mguu wake bado umevimba? Na shemeji, kile kifua kimemwachilia? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo iliyochubuka, na nitakueleza, maana barua yako aliyoniletea binamu yetu Ezekieli ilinikata. Umeandika kwamba nimeshiba vya wakubwa hata nikaona uvivu kuja kumzika baba, na kwamba kaka Musa ameapa hatanifungulia lango. Asiyekuwapo na lake halipo, najua. Lakini kwanza nisikilize.

Kazi yangu kule Loresho kwa Mama Grace uliijua: kupika, kufua, kupiga pasi. Ambayo hukuijua ni kushuhudia. Mama Grace ameokoka, na kila Alhamisi akina mama wenzake wa ushirika hukutana sebuleni kwake. Nikishaleta chai husema, "Finike, usiende. Waambie vile Bwana amekupa raha na hauna kitu." Nami nasimama na trei mkononi nawaambia: nina kitanda kimoja na mwili mmoja, vinatoshana. Nina nguo ya kazi na nguo ya kanisani. Nikipiga pasi naimba, jioni nakula ugali na mboga, nashukuru, nalala. Wao hufuta machozi, halafu huniomba sukari zaidi. Usinicheke, Jerida. Maneno yale yalikuwa kweli. Amani hiyo ninayo tangu nilipookoka huko nyumbani, na hakuna mtu wa Nairobi aliyenipa.

Wiki aliyofariki baba, Mama Grace alikuwa na mkutano pale nyumbani, kuanzia Alhamisi mpaka Jumamosi, na wageni kutoka mbali. Alhamisi hiyo Ezekieli alipiga simu kutoka kwenye lile duka la vyuma la Wahindi anakofanya kazi mjini. Mama Grace akaipokea mwenyewe, akamwambia, "Sawa, nitamwambia." Ezekieli akapanda basi la nyumbani akijua nitafuata. Ndiyo sababu aliwaambia kwamba nina habari. Hakuwadanganya.

Sikuambiwa. Jumamosi mchana, saa ile mlipokuwa mnamshusha baba kaburini, mimi nilikuwa nimesimama mbele ya wageni nikisema Mungu hajaninyima kitu. Nilicheka sana siku hiyo, dada. Nilikuwa na furaha ya kweli, na hiyo ndiyo inayoniua.

Jioni wageni walipoondoka, akanifuata jikoni, akanishika mkono kwa upole. "Baba yako alilala, pole sana. Nilijua tangu juzi, lakini sikutaka testimony yako mbele ya wageni iharibike. Na hata ungeenda, ungemfufua?" Akanipa kilo mbili za sukari nimpelekee mama siku nitakayopata likizo. Niliirudisha stoo. Nililia mpaka sauti ikakauka. Jumatatu, kwa kuwa sikuwapo mlipokaa kunyolewa baada ya mazishi, nikamwomba Respa, yaya wa jirani, mtu wa kwetu, achukue wembe. Akaninyoa kichwa chote nyuma ya gereji, naye akilia.

Alhamisi nikaingia na trei, kichwa wazi. Mama Grace akainuka.

"Finike! Ni nini hii?"

"Namlilia baba."

"Si wewe uliokoka?" akauliza mama mmoja anayekaa Mountain View. "Jameni, hii ni mila! Hii ni roho ya ukoo wao!"

Hata sikuwahi kuweka trei chini vizuri. Mikono yote ilikuwa kichwani mwangu, pete zao baridi kwenye ngozi. "Toka! Toka, wewe mzee, mwachilie!" Walikuwa wanamfukuza baba. Baba yetu, mzee wa kanisa, aliyepiga ngoma kila Jumapili hadi mabega yakakataa, anafukuzwa kama pepo juu ya zulia la Loresho! Mmoja akanisukuma kipaji cha uso ili nianguke. Sikuanguka. Miguu hii imepanda vilima vya kwetu na mtungi kichwani.

Walipochoka nikasema, "Mama, huyo mnayemtoa ndiye aliyenifundisha kuomba."

Mama Grace akatikisa kichwa. "Alhamisi ijayo utasimama useme umefunguliwa. Kama hutaki, utafute kazi kwingine."

Nilikaa na neno hilo, nikamfikiria mama na dawa zake. Nilikaribia kulisema. Nikajaribu mbele ya kioo cha bafuni, neno la kwanza likanishinda, nikakifuta kile kioo nikatoka. Leo asubuhi nimemwambia siwezi, akanitoa kabla ya chai ya saa nne. Faida ya kuridhika na kidogo, dada, ni kwamba ukifukuzwa hukawii kufungasha. Nimeshuka kwa miguu mpaka hapa Kangemi kwa mke wa Ezekieli, na njiani nikajikuta naimba ule wimbo ambao baba alikuwa akianzisha. Si kwamba sina hasira. Nina hasira ya kuchemsha chungu. Lakini amani niliiona bado ipo, nikashangaa mwenyewe.

Msalimie mama, umwambie ale hata kidogo. Msalimie shemeji, na shangazi aliyenilea nilipokuwa mdogo. Nitafika Jumamosi ya wiki ijayo, barua hii itanitangulia.

Na kaka Musa mwambie hivi: nitakuja nikilia, sitamsalimu mtu wala kunywa maji kabla ya kufika kaburini, kama ilivyo desturi kwa aliyechelewa. Akitaka kulifunga lango, alifunge. Ezekieli ameniambia baba amelala karibu na ua. Nitamlilia nikiwa barabarani, na sauti yangu mnaijua.

Ni mimi mdogo wako,
Finike