Rehema Amemaliza Dawa

Moshi,
Jumapili asubuhi

Mke wangu Mwanaidi,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta umepumzika kidogo, kichanga wetu amenyonya ameshiba, na mgongo uliokuwa ukikusumbua tangu ujifungue umetulia. Mama huko Mazingara anaendeleaje na magoti yake? Sisi huku ni wazima, na leo neno hilo naliandika bila kujikaza.

Jana nilipokupigia kwa simu ya nesi nilisema tu, "Amepona," ukaanza kulia, na mimi nikalia, mpaka simu ikakatika hatujaambiana la maana. Simu yangu ilizama kwenye ndoo ya kufulia, ndiyo maana nakuandikia. Barua anakuja nayo Mama Elia wa Korogwe, ambaye mwanawe alikuwa kitanda cha jirani na Rehema. Wamepewa ruhusa leo. Akishuka Korogwe ataikabidhi kwa dereva wa Coaster ya Handeni.

Huyo mama nina deni naye la shukrani. Tulipofika hapa, nesi aliniangalia nilivyombeba Rehema na lile tumbo lake lililojaa, akasema, "Baba, wodi hii wanalala akina mama. Mama yake yuko wapi?" Nikamjibu kwamba mama yake amejifungua juzi na hawezi kusafiri. Akasita. Mama Elia akasema, "Nesi, mwache alale hapa mlangoni. Sisi tutatundika khanga iwe pazia." Jioni hiyo wakatundika khanga, na mimi fundi pikipiki wa Chanika ya Handeni nikawa mtu wa wodi ya akina mama. Walinifundisha kupika uji mwepesi usio na mabonge, na kumwosha mtoto bila kulowesha mpira wa dripu.

Kuna mengi sikukueleza wakati ule, maana ulikuwa mzazi na nilitaka maziwa yako yatoke. Daktari alinikalisha, akaniambia saratani imeanzia kwenye figo la kushoto. Watampa dawa kwanza ili uvimbe unywee, kisha watalitoa figo lote. Nikamuuliza, "Ataishi na moja?" Akasema, "Wapo wanaoishi na moja, na wanalima. Lakini tukiliacha hili, hatutakuwa naye."

Dawa zile ni kali, Mwanaidi. Nywele zilibaki kwenye mto. Midomo ilichubuka ndani hata mate yakawa yanamuuma. Kuna siku aliugeukia ukuta asubuhi mpaka jioni, hakutaka nimshike. Mara nyingine alikuwa akikuita wewe, na mimi nikimwitikia ananiambia, "Sikuiti wewe baba." Nilikuwa natoka nje, nanawa uso bombani, narudi.

Siku ya upasuaji walimchukua kwa kitanda cha magurudumu akiwa amenishika kidole. Mlangoni ilibidi nikitoe kile kidole mwenyewe. Mama Elia akaja tukakaa wote kwenye benchi, yeye akisali kwa dini yake na mimi kwa yangu. Jua lilikwishapita utosini daktari alipotoka, kofia yake imeloa jasho. Akasema, "Limetoka zima, halikupasuka." Sikuelewa. Nikamuuliza kama mtoto yupo. Akanishika bega, "Yupo, baba. Yupo, na hilo la kutopasuka ni jambo jema sana."

Rehema alipozinduka sawasawa, neno la kwanza lilikuwa, "Nataka bada." Nesi, ambaye ni mtu wa huku huku, akauliza bada ni nini. Nikamwambia ni ugali wa muhogo, chakula cha kwetu. Akacheka, akasema mgonjwa akitaja chakula cha kwao huyo yuko njiani.

Baada ya hapo zilifuata dawa nyingine, na safari hii alipigana nazo kama mtu anayejua atashinda. Alikuwa akiwapokea watoto wageni na kuwaonyesha kovu lake. Jana wakampiga picha za tumbo na kifua. Daktari akazitazama, akaita mwenzake, wakazitazama pamoja, na mimi nikashika chuma cha kitanda. Kisha akageuka, akasema, "Tumetafuta kila mahali. Hatuoni kitu." Sijui ni mama gani aliyeanza kupiga vigelegele, lakini wodi nzima iliitikia, hata nesi mkuu ambaye hapendi kelele. Rehema akasimama juu ya kitanda akapunga mikono kama mbunge.

Daktari mwenyewe hapendi nikisema amepona. Anasema dawa imefanya kazi yake, na sasa tutamrudisha hapa mara kwa mara wamwangalie. Tutamrudisha. Lakini kwanza tunakuja nyumbani. Kidonda kidogo cha mkononi, pale palipokuwa na dripu, kikikauka wiki hii tunapanda basi, tutapita Mombo, tutashuka Korogwe, tutaingia Handeni kabla ya magharibi. Usishtuke ukimwona amerefuka. Nywele zimeanza kuota, laini kuliko za kwanza.

Mpe Mama shikamoo yangu, umwambie dua zake zimepokelewa. Msalimie mdogo wangu Saidi, anayeshika karakana. Mwambie asiuze spana zangu. Mbusu huyo kichanga ambaye dada yake amekwisha kumtangaza wodi nzima kabla hajamwona.

Naona niishie hapa, Mama Elia anafunga mizigo. Rehema yuko uani na mtoto mmoja aliyekuja kumtazama ndugu yake wodini, wanafukuzana. Mwenzake anakimbia taratibu, nadhani ameambiwa huyu ni mgonjwa. Namsikia Rehema akimgombeza, "Usinihurumie. Nikimbize kweli."

Mumeo akupendaye,
Athumani, Baba Rehema